Laisini ya kuku wako ilitokaje ndani ya bakteria?

Swali limetoka kwa mfugaji wa Mwanga, Kigoma:

"Shikamoo mwalimu. Nina kuku wa mayai mia mbili na nachanganya chakula chao mwenyewe: mahindi, pumba, mashudu ya alizeti, chokaa na dagaa. Dagaa walipopanda bei, muuza pembejeo akaniuzia laisini, akasema nipunguze dagaa nijazie kwa hiyo. Nilipomuuliza inatoka wapi, akanijibu kuwa inatengenezwa na bakteria. Nilisoma baiolojia hadi kidato cha sita, na ninakumbuka kwamba utando wa seli hauruhusu asidi amino kupita ovyo. Sasa bakteria akishajitengenezea asidi amino yake, anaitoaje nje bila kufa? Na kwa nini aitoe wakati ni mali yake? Au wanamsaga? Kuna mteja wangu amesema hatanunua tena mayai ya kuku 'waliolishwa vijidudu', nami sikuwa na la kumjibu."

Marahaba, mwanangu. Umeuliza jambo lililowaumiza vichwa watafiti kwa nusu karne, kuanzia mwaka 1957 hadi mwaka 2007, kwa hiyo usione haya kwamba hukupata jibu kwenye daftari la shule.

Nianze na ufupi wake. Hawamsagi. Bakteria huyu huitoa laisini, ambayo ni mojawapo ya asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini, akiwa hai na anapumua, kupitia mlango maalumu uliojengwa ndani ya utando wake, na huitoa kwa sababu ikimzidi inamdhuru. Kuhusu mteja wako nitarudi mwishoni, maana jibu lake linategemea ni mfuko gani hasa ulinunua.

Kumbukumbu yako kuhusu utando ni sahihi. Utando wa seli ni mafuta, tabaka mbili za molekuli za mafuta zilizogeuziana migongo, unene wake kama sehemu tano tu kati ya milioni moja za milimita. Kwa wewe uliye Kigoma, mfano uko jikoni. Chukua mawese kwenye kikombe, tia kijiko cha chumvi ya Uvinza, koroga mpaka mkono uchoke. Chumvi itazama chini ikiwa vilevile. Haiyeyuki kwa sababu chembe zake zimebeba umeme, na mafuta hayapokei vitu vyenye umeme. Asidi amino ni ndugu wa chumvi kwa jambo hilo: upande mmoja imebeba umeme chanya, upande wa pili umeme hasi. Laisini ina chanya moja ya ziada. Glutamati, asidi amino nyingine tutakayokutana nayo, ina hasi moja ya ziada. Zipo asidi amino zenye mkia wa mafutamafuta, kama leusini, ambazo huweza kupenya polepole sana, lakini laisini na glutamati zikisubiri kupenya zenyewe zitasubiri sana.

Kwa hiyo swali lako ni la haki kabisa. Kama ukuta ni wa mafuta na mali ni ya chumvi, mali imefikaje nje, tena kwa maelfu ya tani?

Habari hii inaanzia kwenye supu. Mwaka 1908 Mjapani Kikunae Ikeda alitafuta ni kitu gani kinachoupa mchuzi wa mwani ladha yake nzito, akakuta ni glutamati. Biashara ya kiungo hicho ikaanza, na kwa miaka mingi kiwanda kilikuwa kikichukua protini ya ngano na kuivunjavunja kwa asidi kali ili kupata glutamati. Ilikuwa kazi ya gharama na uchafu. Kisha Shukuo Kinoshita na wenzake wa kampuni ya Kyowa Hakko wakajiuliza swali ambalo wengi wakati ule wangeliona la kipuuzi: je, hakuna bakteria anayeimwaga glutamati nje mwenyewe? Kipuuzi, kwa sababu kila mtu aliamini kwamba bakteria hatupi kitu. Anatengeneza anachohitaji, kikitosha anafunga bomba.

Jinsi walivyomtafuta inanipendeza kila ninapoisimulia. Waliotesha makundi ya bakteria kwenye sahani, kisha wakaweka juu yao bakteria wengine wasioweza kujitengenezea glutamati, yaani wenye njaa nayo. Pale ambapo wenye njaa walistawi, ilikuwa ushahidi kwamba chini yao kuna mtu anamwaga. Ni sawa na kumtafuta mwenye bomba linalovuja mtaani kwa kutazama ni mlango wa nani majani yamestawi wakati wa kiangazi. Walimpata kwenye udongo, na mwaka 1957 wakatangaza. Leo anaitwa Corynebacterium glutamicum. Ndiye huyohuyo anayetengeneza sehemu kubwa ya laisini duniani. Mwaka 1958 tu walikuwa wameshapata aina yake inayotoa laisini. Glutamati inayotengenezwa hivi sasa kwa mwaka inapita tani milioni 3, na laisini inapita tani milioni 2.

Lakini bakteria huyo alikuwa na tabia ya ajabu. Akipewa vitamini ya biotini ya kutosha, anakua vizuri na hatoi glutamati. Akipunjwa biotini, anaanza kuimwaga. Hili lilileta shida, maana molasi ya miwa, ambayo ni sukari ya bei nafuu, imejaa biotini. Ikagunduliwa kwamba ukimtilia penisilini kidogo katikati ya ukuaji, au aina fulani za sabuni, anaanza kumwaga hata biotini ikiwa tele. Baadaye sana ikaonekana kwamba hata ethambutol, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, inamfanyia hivyohivyo. Haishangazi: huyu bakteria asiye na madhara ni wa ukoo mmoja na bakteria wa TB, na wote wawili wana koti la nje la mafuta mazito ambalo ethambutol hulivuruga.

Tazama sasa orodha hiyo. Biotini inahitajika kutengeneza mafuta ya utando. Penisilini inaharibu ukuta wa seli. Sabuni inachezea mafuta. Ethambutol inachezea koti. Vyote vinagusa ganda la bakteria. Wataalamu wakahitimisha: ganda likidhoofika, utando unavuja. Ndivyo nilivyofundishwa na mimi, na daftari langu la chuo lina sentensi hiyo kwa wino wa bluu: "utando huvuja." Niliikariri, nikaiandika kwenye mtihani, nikapewa alama.

Ilikuwa si kweli. Utando unaovuja hauchagui. Ungepitisha glutamati, ungepitisha na asidi amino nyingine, ungepitisha na chumvi, na zaidi ya yote ungepoteza umeme ambao seli inautumia kuishi. Waliopima kwa makini miaka ya mwisho ya 1980, wakiwamo Krämer na wenzake Ujerumani, walikuta kwamba glutamati inatoka huku vingine vikibaki ndani, na umeme wa utando uko palepale. Tundu halina tabia hiyo. Mlango ndio una tabia hiyo. Ikabaki kuupata, na ulipatikana mwaka 2007, pale Nakamura na wenzake walipoonyesha kwamba jeni moja ikiharibiwa utoaji wa glutamati unapungua sana, na ikibadilishwa kwa namna fulani bakteria anamwaga glutamati bila kupunjwa biotini wala kutiwa penisilini. Protini ya jeni hiyo sasa inaitwa MscCG.

Na hapa ndipo panapopendeza, kwa sababu mlango huo haukuwekwa kwa ajili ya glutamati. Ni mlango wa mvua.

Fikiria udongo wa shamba lenu mwezi wa Agosti, mkavu, unapasuka. Bakteria aliye humo anang'ang'ania maji kwa kujaza ndani yake vitu vilivyoyeyuka, hasa potasiamu na glutamati, ili maji yasimtoroke. Kisha mvua za kwanza zinanyesha. Ghafla nje kuna maji matupu na ndani kuna mchuzi mzito. Kwa ile osmosisi uliyoisoma, maji yanamvamia ndani ya sekunde chache, anavimba, na utando wake unatanuka kama mpira wa baiskeli uliojazwa upepo kupita kiasi. Asipopunguza mchuzi wa ndani upesi, anapasuka. Ndiyo maana kwenye utando ana protini ambazo hufunguka utando ukivutwa. Haziambiwi na mtu wala hazisubiri amri ya jeni. Kule kuvutwa kwenyewe ndiko kunakozifungua, kama ile valvu ya sufuria ya presha. Mwaka 1999 watafiti wa Aberdeen, Uskochi, waliziondoa aina mbili za valvu hizo kwenye bakteria wa utumbo aitwaye Escherichia coli, kisha wakamhamisha kutoka kwenye maji ya chumvi kwenda kwenye maji hafifu. Wengi walikufa. Wenzao wenye valvu walipona.

MscCG ni wa ukoo wa valvu hizo. Sasa unaweza kuunganisha mwenyewe: ukimpunja biotini, mafuta ya utando yanapungua na mvutano ndani ya utando unabadilika. Ukidhoofisha ukuta kwa penisilini, utando unabeba mzigo uliokuwa wa ukuta. Valvu inahisi kuvutwa, inafunguka, na glutamati inatoka. Inatoka kwa kasi kwa sababu nyingine pia: ndani ya seli kuna umeme hasi, na glutamati ni hasi. Vinasukumana. Mlango ukiwa wazi, glutamati haihitaji kubembelezwa.

Waliosema utando unavuja walikuwa wameona dalili sahihi, wakakosea mahali. Nawaheshimu, lakini ilichukua miaka hamsini kwa sababu neno "kuvuja" lilikuwa rahisi mno, na neno rahisi likishaingia vitabuni watu huacha kuuliza.

Laisini yako ina hadithi tofauti.

Kumbuka laisini ni chanya, na ndani ya seli ni hasi. Kwa hiyo umeme wa seli unaivuta ibaki ndani. Hata ukiifungulia mlango mtupu haitatoka. Inabidi isukumwe, na kusukuma kunahitaji nguvu. Nguvu yenyewe inatoka hivi. Bakteria anapopumua, hutoa protoni, chembe ndogo zenye umeme chanya, nje ya utando. Nje zinarundikana, ndani panabaki na umeme hasi, na zile protoni zinatamani kurudi ndani. Kila mlango unaoziruhusu kurudi unaweza kuzitoza ushuru: ingieni, lakini mnisukumie huyu nje. Vipimo vya Bröer na Krämer vya mwaka 1991 vilionyesha kwamba kila laisini moja inayotoka inalipiwa kwa kiasi kinacholingana na protoni mbili zinazoingia. Huo ni ushuru mzito kwa kiumbe mdogo hivyo. Tena milango ya namna hii haiachi uwazi wa moja kwa moja kati ya ndani na nje. Protini inafunguka kwa ndani, inapokea laisini, inajifunga, inajigeuza umbo na kufunguka kwa nje. Hakuna wakati ambapo pande zote mbili ziko wazi, kwa sababu zikiwa wazi pamoja protoni zingerudi bure bila kulipa.

Protini yenyewe ilipatikana mwaka 1996 huko Jülich, Ujerumani, na Vrljic, Sahm na Eggeling. Waliiita LysE. Ulikuwa msafirishaji wa kwanza wa kutoa asidi amino kutambuliwa hadi kwenye jeni yake, na jaribio walilolifanya ndilo linalojibu "kwa nini" yako vizuri kuliko maelezo yangu yote.

Walichukua Corynebacterium glutamicum wakaiharibu jeni ya LysE. Kwenye chakula cha kawaida cha sukari na chumvi, bakteria asiye na mlango aliishi bila shida. Kisha wakampa kitu kidogo tu: kipande cha protini chenye asidi amino mbili, laisini iliyoshikana na alanini. Bakteria wanapenda vipande hivi, huviingiza ndani na kuvikata. Alanini akaitumia. Laisini ikabaki, kwa sababu huyu bakteria hana vimeng'enya vya kuivunja laisini. Akiwa nayo nyingi hana pa kuipeleka. Mwenzake mwenye mlango aliitoa nje akaendelea kukua. Asiye na mlango alijaa laisini mpaka ikapita mola 1.1 kwa lita. Nimekupigia hesabu: ni kama gramu 160 za laisini katika kila lita ya maji ya ndani ya seli. Akaacha kukua kabisa.

Sasa rudi Katonga, pale dagaa wanapoanikwa mchangani. Dagaa walionyeshewa mvua kabla hawajakauka, siku ya pili wananuka. Kinachotokea ni kwamba bakteria wanazikatakata protini za samaki kuwa vipande vifupi na kuviingiza ndani. Kwa bakteria hiyo ni karamu, lakini ni karamu isiyo na vipimo. Protini ya samaki haikupangwa kwa mahitaji yake. Inakuja na laisini nyingi kuliko anayohitaji, au arginini, au valini. Breki zake za kutengeneza asidi amino hazimsaidii hapo, maana hakuitengeneza yeye, ameimeza. Njia pekee iliyobaki ni mlango wa kutokea. Nadhani hili ndilo watu wengi hawalioni wanapouliza kwa nini bakteria "atupe chakula". Bakteria hana ghala. Ana chumba kimoja, na kitu kikizidi humo kinawakanyaga wengine.

Kukanyaga kwenyewe si maneno ya kupamba. Mpe aina fulani ya Escherichia coli inayotumika sana maabara, iitwayo K-12, valini peke yake, na atasimama kukua. Valini na isoleusini hutengenezwa na vimeng'enya vilevile. Valini ikizidi hukizima kimojawapo, na isoleusini inakosekana huku mwenzake amejaa. Amekufa njaa mezani. Ana mlango wa kutolea valini, uitwao YgaZH, na unamsaidia kwa hali kama hiyo.

Mlango wa LysE hauachwi wazi muda wote. Upo bawabu, protini iitwayo LysG, inayogusa laisini na arginini zilizomo ndani. Zikiwa chache, ananyamaza na mlango haujengwi. Zikizidi, anaamuru jeni ya LysE isomwe na milango ijengwe. Mlango huo unatoa laisini na arginini zote mbili.

Milango mingine nitaipitia haraka, kwa sababu hadithi yake inafanana. Corynebacterium ana ThrE kwa threonini na serini, na BrnFE kwa isoleusini, leusini, valini na methionini. Escherichia coli ana mingi zaidi, na majina ya baadhi yake yanasimulia jinsi ilivyopatikana: herufi Rht zilitokana na ukinzani dhidi ya homoserini na threonini, kwa kuwa watafiti wa Urusi walitafuta bakteria wanaostahimili vitu hivyo vikiwa vingi kupita kiasi, wakakuta wanaostahimili ni wale wenye milango ya kuvitoa. Mmoja tu ndio ninaotaka usimame nao, kwa sababu una funzo la shambani. Zipo kunde za mwituni na maharage makubwa ya jamii ya Canavalia ambayo mbegu zake zina sumu iitwayo kanavanini. Inafanana na arginini mno hata seli huijenga ndani ya protini zake, na protini hizo zinatoka mbovu. Mwaka 2004 watafiti wawili wa Hyderabad, India, Nandineni na Gowrishankar, walionyesha kwamba Escherichia coli aliyenyimwa mlango wake wa arginini, ArgO, anadhurika na kanavanini kuliko mwenzake mwenye mlango. Kwa hiyo mlango wa kutolea ziada unafaa pia kwa kumtoa mgeni mbaya aliyeingia kwa sura ya ndugu.

Kiwandani, wanachofanya ni kugeuza mlango wa dharura kuwa mlango wa biashara. Bakteria wa kawaida ana breki: laisini ikishirikiana na threonini humzuia kimeng'enya wa kwanza kwenye njia ya kuzitengeneza, kwa hiyo ziada haitokei. Wameteua na kubadilisha aina ambazo breki hiyo haishiki. Anaendelea kutengeneza laisini hata ikiwa tele, LysG anaiona ziada, milango inajengwa, laisini inamiminika nje. Wale wa Jülich waliongeza nakala za jeni ya mlango, na kasi ya kutoa ikapanda kama mara tano. Ndani ya tangi kubwa lenye sukari ya molasi au ya wanga wa mahindi, amonia na hewa inayopulizwa bila kukoma, laisini kwenye maji ya nje hupita gramu 100 kwa lita. Kama wangetegemea kumsaga bakteria, wangepata kiasi kidogo kilichochanganyika na kila kitu kingine cha seli, na bei yake wewe usingeiweza.

Sasa mteja wako. Laisini iko kwenye maji, bakteria wako kwenye maji hayohayo, na kinachofuata ndicho kinachotofautisha mfuko na mfuko. Kwa aina ya kwanza, bakteria hutenganishwa na maji, laisini inanaswa na kusafishwa, inaunganishwa na asidi ya haidrokloriki na kugandishwa kuwa chembechembe. Hiyo ni laisini haidrokloridi, na kwenye lebo utaona kama asilimia 78 ya laisini halisi. Humo hakuna miili ya bakteria ya kuzungumzia. Aina ya pili ni laisini salfeti. Hiyo hukaushwa pamoja na masalia ya bakteria wenyewe, wakiwa wamekwisha kufa kwa joto, na laisini yake ni ndogo zaidi, mara nyingi kati ya asilimia 50 na 60. Haina ubaya kwa kuku. Yale masalia ni protini nayo. Lakini usimwambie mteja kuwa hakuna bakteria kabla hujasoma lebo. Ukikuta haidrokloridi, mwambie kwa moyo mweupe kwamba kuku wamekula kitu kilichotolewa na bakteria, kama asali inavyotolewa na nyuki bila mtu kula nyuki. Ukikuta salfeti, mwambie ukweli kwamba kuna masalia ya bakteria waliokufa, wa aina isiyosababisha ugonjwa. Kwa hali zote mbili, laisini inayoingia kwenye yai ni laisini ileile iliyomo kwenye dagaa. Kuku hana namna ya kuzitofautisha, na maabara nayo haioni tofauti ya molekuli.

Tofauti ya lebo ina uzito kwenye mizani pia. Kupata kilo moja ya laisini halisi unahitaji kama kilo 1.28 za haidrokloridi, au karibu kilo 1.8 za salfeti yenye asilimia 55. Muuzaji akikuambia "weka vijiko viwili" bila kuuliza ni ipi, usimfuate.

Niongeze jambo hukuliuliza, kwa sababu najua Kigoma ilivyokuwa ziwa lilipofungwa kwa miezi mitatu mwaka 2024 na dagaa wakawa wa kutafuta. Chakula chako kina mahindi na mashudu ya alizeti, na vyote viwili ni maskini wa laisini. Mahindi yana takriban asilimia 0.25, wakati kuku anayetaga anataka kama asilimia 0.7 ya chakula chake. Mashudu ya alizeti yana methionini ya kuridhisha lakini laisini yake haifiki mbali. Kwa mchanganyiko kama wako, dagaa wakipungua laisini ndiyo inayopungukiwa mapema, hivyo muuzaji hakukudanganya kwa hilo. Lakini dagaa hawaleti laisini peke yake. Wanaleta methionini, kalsiamu, fosforasi na vitamini B12, na laisini ya mfukoni haina hata kimoja cha hivyo. Ukipunguza dagaa kwa nusu, ongeza na unga wa mifupa au chanzo kingine cha fosforasi, na uangalie ganda la yai ndani ya wiki mbili tatu. Ukiwaondoa dagaa wote na kutegemea laisini, kuku watakuonyesha kosa kwenye trei.

Kiasi cha kawaida ni gramu 100 hadi 300 za haidrokloridi kwa kilo 100 za chakula, kutegemea umepunguza dagaa kiasi gani. Usiimwage juu ya lundo zima. Ichanganye kwanza na kilo mbili za pumba ndani ya beseni mpaka isionekane, kisha hilo beseni ulimwage juu ya lundo na uligeuze kwa beleshi mara tatu au nne. Gramu 200 zikibaki kwenye kona moja ya lundo, kuku kumi watazipata zote na mia moja tisini hawatapata kitu.